Jibu la Njema

Mswahili akiulizwa hali hujibu "njema". Hujibu hivyo mwenye homa, hujibu hivyo aliyetoka kuzika jana, na ni baada ya jibu hilo ndipo huanza kueleza yaliyomfika. Ni adabu nzuri, kwani humpa msikilizaji nafasi ya kuketi kabla hajatwikwa mzigo wa mwenziwe. Lakini wapo wanaokomea kwenye neno hilo la kwanza, mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwao ni watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao dawa zimewarejeshea miili yao, nyoyo zikabaki nyuma.

Kiswahili hakikuwa bakhili kilipokutana na maradhi haya. Mkoani Kagera, walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania mwaka 1983, watu waliyaita Juliana, jina lililotokana na nguo za fahari za wafanyabiashara wa mpakani. Mijini yakazuka mengine: mdudu, ngoma, miwaya. Aliyeambukizwa alisemwa kwamba amekanyaga waya, na wasemaji wakacheka, kama kwamba umeme huchagua nyayo. Wataalamu nao wakaleta ufupisho wao, UKIMWI, kisha VVU. Majina yakajaa kapu.

Huzuni inayoandamana na maradhi hayo ndiyo iliyokosa jina mitaani. "Ana mawazo," husemwa, basi. Ana mawazo aliyefiwa, ana mawazo aliyefilisika, ana mawazo anayesubiri matokeo ya mtihani, na ana mawazo yule ambaye miezi mitatu sasa hali, halali, hasukani nywele wala hamtazami mwanawe usoni. Madaktari wanalo neno sonona, nalo ni teule zuri, kwa kuwa limetoka kwenye kitenzi kinachobeba maumivu na huzuni kwa pamoja. Ila bado linaishi zaidi kwenye vipeperushi kuliko vibarazani. Asiyelijua jina la ugonjwa wake hudhani ni tabia yake.

Na si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanawake wapatao 1,000 wa Dar es Salaam waliokuwa na VVU, kuanzia mwaka 1995 hadi 2003, yaani kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea nchini. Zaidi ya nusu yao walionekana, angalau mara moja, na dalili za sonona, na wenye dalili hizo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Huzuni, basi, haikukaa pembeni kutazama mwili ukiliwa. Nayo ilikuwa ikila.

Dawa zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Waliokuwa wakibebwa kwa vitanda wakarudi sokoni na shambani. Leo mtu anayemeza dawa zake sawasawa, hata virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Ni habari ambayo mwaka 1990 ingechukuliwa kuwa muujiza. Lakini miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo moja, efavirenzi, iliyomezwa usiku na wengi kwa miaka mingi, nayo huweza kuleta kizunguzungu, ndoto za kutisha na hata sonona yenyewe. Katika visiwa ambamo jinamizi lina tafsiri zake tangu enzi, ni rahisi kukisia mambo yalivyokwenda: mwenye ndoto hizo hakurudi kwa daktari, alikwenda kwa mganga kuzinguliwa, na vidonge vikaachwa chini ya mto. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilihamia kwenye dolutegraviri, na usiku wa wengi ukatulia.

Mchana haukutulia. Unguja na Pemba wanaoishi na virusi ni chini ya mtu mmoja kwa kila watu wazima mia. Wataalamu huliita hilo fanikio, na ni fanikio kweli. Kwa yule mmoja, hata hivyo, uchache huo ni ukiwa. Na awe mwanamke wa Ng'ambo. Siku ya kliniki hujifunika buibui la shogaye, hupanda daladala ya upande usio wake, hukaa kwenye foleni akiangalia sakafu. Mhudumu humuuliza kama amemeza dawa, humpima uzito, humsomea wingi wa virusi. Mwisho: hali? Njema. Nyumbani kopo la dawa limo ndani ya pishi la mchele. Na likimtoka chozi, ataambiwa imani yake haba, na watakaomwambia hivyo wamekwisha kusoma kwamba Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata akapofuka macho, na hakuna aliyethubutu kumwita haba wa imani.

Zimbabwe walianza na neno. Kishona kina kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari wa akili Dixon Chibanda hakulidharau kwa kuwa ni la mtaani. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, aliwafunza akina bibi 14 kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusu watu 573, wengi wao wanawake, na zaidi ya theluthi yao wakiishi na VVU. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona ni asilimia 14 ya walioketi na bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha kuvuka bahari hadi Unguja.

Mtu atasema Unguja ina mabenchi ya mawe tangu kale, mbele ya kila nyumba. Lakini kibaraza ni mahali pa kahawa, bao na habari za watu, nayo siri ya mwanamke huyo ndiyo hasa habari inayongojewa pale. Benchi la bibi limewekwa kando, na mdomo wa bibi umefungwa kwa ahadi. Hatua yake ya kwanza Washona huiita kuvhura pfungwa, kuyafungua mawazo. Kwa Kiswahili, tafsiri neno kwa neno ingenuka semina. Yafaa kusema kukunjua moyo, kwa kuwa uliokunjwa haukuvunjika.

Wala bibi haulizi hali. Huuliza kama juma hili usingizi ulikuja, kama machozi yalikaribia, kama iliwahi kupita fikra ya kujiua. Kwa maswali kama hayo "njema" haisaidii kitu. Mwanamke hunyamaza kidogo, huitazama njia kama kuna anayepita, kisha huanza na la usingizi.