Mwalimu wa Cyanzarwe na Mbegu ya Umushwati

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu aliyesimama Cyanzarwe, wilayani Rubavu, huuona mlima Nyiragongo ng'ambo ya mpaka ukifuka moshi kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Udongo wa huko ni mweusi, zao la milima ya moto, na viazi ulaya hustawi. Katika nyumba mojawapo, nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, aliishi mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka 26 mwenye shahada ya biolojia, ambaye kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiandika barua usiku.

Barua hizo zilikwenda kwa maprofesa wa nchi za mbali. Aliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika ikolojia ya mimea, yaani elimu ya jinsi mimea inavyoishi pamoja, inavyogombea mwanga na maji, na inavyotegemea wanyama na ardhi. Mfano wa barua aliunakili kwa rafiki yake. Ndani yake alitamka kwamba aliyapenda mazingira tangu utotoni, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa, kwa kuwa utotoni alipenda mpira wa wavu. Barua kumi na moja hazikujibiwa. Ya kumi na mbili ilijibiwa kwa sentensi moja tu: je, ni jambo gani hasa analotaka kulijua, ambalo bado halijulikani?

Binti alilisoma jibu hilo mara nyingi, akaona haya. Hakuwa na la kujibu.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa ada ya mdogo wake wa kiume aliyekuwa sekondari. Mjomba wake, mtu mwema lakini mwenye sauti kubwa, aliuliza kisa cha mwenye kazi kuiacha kazi ili akarudi kuwa mwanafunzi. Binti alimweleza kwamba katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa shahada za juu huweza kupewa kazi ya kumsaidia profesa, akifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara, na kwa kazi hiyo akasamehewa karo na kulipwa posho. Mjomba akasikia neno "kumsaidia" tu.

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ili ukawe mtumishi wa mtu?"

Mama yake alikaa kimya akimenya viazi.

Aliyefungua mlango, bila kukusudia, alikuwa bibi yake. Mzee huyu alizaliwa pembezoni mwa msitu wa Gishwati, na hadithi zake za ujana zilijaa miti. Katika miaka ya 1970 msitu ule ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi wa misonobari na malisho ya ng'ombe uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wakimbizi waliorejea walihitaji mahali pa kukaa na kulima. Haifai kuwalaumu watu waliorudi mikono mitupu. Lakini ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zimesalia hekta kama 600 tu. Mto Sebeya, ambao maji yake hutoka katika vilima hivyo, ukazoea kushuka mwekundu kwa udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika, na katika mafuriko na maporomoko ya usiku huo watu zaidi ya 130 walikufa nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi.

Jioni moja bibi alikuwa akitaja miti aliyoijua, akafika kwa umushwati.

"Mbegu zake ni kubwa, tulizichezea kama mawe," alisema. "Zikianguka, zimeanguka. Upepo hauziwezi. Sasa nasikia serikali imeuhifadhi msitu, nami nafurahi. Lakini mjukuu wangu, ule umushwati utatokaje msituni kwenda kule kwenye malisho? Nani ataubeba?"

Binti akanyamaza. Kisha akaenda kuchukua daftari.

Katika majuma yaliyofuata alipata kujua kwamba swali la bibi halikuwa la kitoto. Mwaka 2011 watafiti, akiwamo Mnyarwanda Aisha Nyiramana, walichapisha matokeo ya kazi yao katika msitu wa Nyungwe, kusini mwa nchi. Walionyesha kwamba panya wa msituni, akiwamo panya buku, huzichukua mbegu za umushwati na kuzificha ardhini, na nyingine husahauliwa zikaota. Basi mchukuzi yupo. Lakini Nyungwe ni msitu mkubwa. Gishwati, ambao pamoja na Mukura ulifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya mwaka 2015, ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na mashamba na nyasi za ng'ombe. Je, panya buku huthubutu kuuvuka uwanda wa malisho na mbegu mdomoni? Akithubutu, hufika hatua ngapi? Na mche ukiota kwenye jua kali pasipo kivuli, huishi?

Swali la mwisho alianza nalo shuleni. Wanafunzi wa darasa la tano walitengeneza vitalu viwili vya miche ya miti ya kienyeji, kimoja chini ya paa la majani na kingine juani, wakawa wanapima kila Ijumaa kwa rula na kuandika. Mbuzi wa jirani alikula nusu ya kitalu cha juani, na watoto wakajifunza siku hiyo hiyo maana ya matokeo yaliyoharibika. Mtoto mmoja alipendekeza mbuzi naye aandikwe. Akaandikwa.

Sasa barua ya kumi na tatu haikwenda ng'ambo. Ilikwenda Huye, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako kipo Kituo cha Umahiri wa Bioanuwai, na ambako imehifadhiwa mimea mikavu ya taifa, ile iliyotumika pia na wataalamu walioandika majuzuu manne ya mimea ya Rwanda kati ya mwaka 1978 na 1988. Barua ilikuwa fupi. Ilianza na bibi, ikafuata mbegu, panya, malisho, na mwisho mbuzi. Jibu lilikuja kabla mwezi haujaisha: njoo tuzungumze. Nafasi ilipatikana, ila posho haikutosha kulipa na ada ya mdogo wake.

Hapo mama, aliyekuwa kimya mwaka mzima, akasema neno. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mikaratusi, ile inayoitwa huko inturusu, aliyoipanda marehemu baba kwa ajili ya paa la nyumba ya kijana atakapooa. Itakatwa, akasema, ilipe ada ya huyo huyo kijana. Mjomba akapinga kwamba ni ajabu kukata miti ili mtu akasomee miti. Kwa kweli ilikuwa ajabu, na binti mwenyewe alilia. Bibi ndiye hakuona ajabu yoyote.

"Inturusu ukiikata huchipua," alisema.

Kabla ya safari binti alikwenda dukani kuomba magazeti ya zamani, kwa kuwa mimea ya utafiti hukaushwa katikati ya karatasi za gazeti, nazo hunywa maji vizuri kuliko karatasi nyingine za bei yake. Mwenye duka, ambaye huyatumia kufungia sabuni, alimpa rundo zima. Mdogo wake alimbebea hadi kituo cha basi. Njiani walipita nyuma ya nyumba, penye visiki. Vilikuwa ishirini na vitatu, na kumi na tisa vilikwisha kutoa machipukizi. Alivihesabu mara mbili, akaandika tarehe.