Wajuao Alifu kwa Kijiti



Kurasa hizi zimezoea kubeba nasaba, picha za harusi na habari za waliotangulia mbele ya haki. Safari hii nawaletea habari ya darasa. Tangu nilipostaafu ukarani hapa Durban, mara mbili kwa juma huenda katika ukumbi mmoja wa mtaa huko Chatsworth kumsaidia mwalimu anayewafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kazi yangu si ya kusimama ubaoni. Nachonga penseli, naandika mahudhurio, naketi ubavuni mwa aliyekwama, na mwalimu akiendelea na wenzake mimi humngojea huyu mmoja mpaka neno limtoke. Sharti la kwanza nililopewa ni kwamba msaidizi hashiki penseli ya mwanafunzi, hata mkono wake ukitetemeka vipi.

Nawaandikia haya kwa sababu baadhi ya ninaowakuta pale ni watu ambao historia yao na yetu zimetoka bandari moja.

Tarehe 5 Juni 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, Sayyid Barghash aliridhia mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Mwezi Agosti mwaka huohuo manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ilitia nanga Durban ikiwa na watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hadi kufikia mwaka 1880 walikuwa wameletwa zaidi ya 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja, mji huu uliwaita Wazanzibari, na jina hilo wajukuu wao wanalo hata leo. Uhuru wao ulikuja na masharti: waliandikiwa mikataba ya kazi ya miaka mitano, chini ya afisa yuleyule aliyesimamia vibarua kutoka Bara Hindi. Baadaye Waislamu miongoni mwao walikaa Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff, katika ardhi ya wakfu wa Msikiti wa Juma. Miaka ya 1960 sheria ya kutenga makazi kwa rangi iliwang'oa huko, wakahamishiwa Bayview, Chatsworth.

Sisi wa koo za Kiarabu na Kiswahili tunajua, ijapokuwa hatupendi kulisema mbele ya watoto, kwamba miongoni mwa babu zetu walikuwamo wenye majahazi na wenye mashamba. Nikiketi karibu na bibi wa Bayview, baina yetu kuna meza moja na jambo hilo.

Lugha yetu ina msemo kwa mtu asiyesoma: hajui alifu kwa kijiti. Kijiti ni kile alichokishika mwanafunzi wa chuoni kuifuatia herufi, isije ikamponyoka. Basi katika darasa letu wapo wazee wanaoijua alifu kwa kijiti chake vizuri sana. Wamehitimu juzuu na juzuu katika madrasa za utoto wao, na kila Ramadhani huufungua msahafu. Walifundishwa kwa desturi ya Kihindi, kwa hiyo pale ninaposema fataha, kasra na dhumma, wao husema zabar, zer na pesh. Herufi ni zilezile. Lakini walipojaza fomu ya kujiandikisha, swali liliuliza kama mwombaji anajua kusoma, na mjazaji akawaandikia: hapana.

Hapo ndipo elimu yangu ndogo ya chuoni ilipopata kazi. Mtu ambaye hajapata kusoma hati yoyote ana mlima wa kwanza wa kupanda: kutambua kwamba alama hii imesimama mahali pa sauti ile. Wazee hawa mlima huo waliupanda wakiwa na umri wa miaka sita. Kilichowazuia ni mambo mengine matatu. Jicho lao huanza kulia, na ukurasa huu unaanza kushoto. Irabu wamezizoea zikielea juu na chini ya herufi, na huku zimeketi katika safu kama wenzake. Tena herufi za Kizungu, zikichapwa, hazishikani mikono. Mwalimu aliponiruhusu niwaeleze hivyo, kwa kuandika jina la kila mmoja kwa hati mbili, moja juu ya nyingine, mzee mmoja aliutazama ubao kitambo, akasema kwa Kizulu kwamba kumbe hii ni alifu iliyokaa kitako.

Kizulu, kwa wasiokijua, ni ndugu wa Kiswahili. Neno lao *funda* lina maana ya kujifunza na pia ya kusoma, na *fundisa* ni fundisha yetu. Nchi hii haikuwahi kukosa waliolitia neno hilo vitendoni. Hapa Durban shirika la Operation Upgrade linawafundisha watu wazima tangu mwaka 1966, wakati serikali ya ubaguzi haikuwa na haja ya Mwafrika msomaji. Katiba ya mwaka 1996, kifungu cha 29, inaitaja elimu ya msingi ya watu wazima kuwa haki, na mwaka 2008 serikali ikaanzisha kampeni ya Kha Ri Gude, yaani "tujifunze" kwa Kivenda, katika lugha zote 11 rasmi zilizotambuliwa wakati huo. Lakini haki iliyoandikwa katika katiba bado yamngojea mtu wa kuketi kando ya mtu.

Bibi mmoja alikuja na cheti chake cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa nacho maisha yake yote na hajapata kukisoma. Akaweka njiti ya kiberiti chini ya kila neno, kama alivyofunzwa utotoni. Jina la baba yake alilitamka, akasita, akalitamka tena, kwani karani wa siku zile aliliandika jinsi alivyolisikia, na alilisikia vibaya. Kisha akafika penye kisanduku cha rangi. Serikali, iliposhindwa kujua iwatie Wazanzibari katika fungu gani, iliwaandika Waasia Wengine. Alisoma neno la kwanza, akasoma la pili, akanigeukia: "Wa kwanza ni nani, hata nikawa mimi mwingine?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka mingi nilikaa upande wa pili wa meza, nikiwajazia watu fomu na kuwasogezea kidau cha wino watie dole gumba. Najua jinsi mtu anavyotazama dari wakati maisha yake yakiandikwa mbele yake asiyaone. Bibi yule hakubadilisha neno hata moja katika cheti kile, lakini sasa amekiona kinavyosema, na jina la baba yake ameliandika upya katika daftari lake, kwa herufi zake.

Tusidhani kwamba hati za Kiarabu ni ngeni katika lugha za Afrika. Kiafrikana chenyewe, lugha ya waliotunga sheria zile, kilipata kuandikwa hivyo: kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi wa Cape Town kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877 kwa herufi za Kiarabu. Na huko Goa zimehifadhiwa barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwaka 1711, kwa hati hizohizo.

Nanyi, jamaa zangu, mna barua kama hizo. Kila nyumba ya ukoo wetu ina sanduku, na ndani yake nyaraka za akina bibi zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Vijana wetu wa Maskati wanazijua herufi, ila maneno hawayajui. Wa London na Toronto wanayo maneno mawili matatu ya nyumbani, ila herufi hawana. Mbele ya sanduku lile, wasioweza kusoma ni sisi.

Dawa yake nimeiona Chatsworth. Mwenye herufi aketi na mwenye lugha, hata kwa simu. Mmoja atamke, mwingine asikilize mpaka neno lijitokeze. Mkumbuke kwamba wazee mara nyingi hawakuandika *m* na *n* zinazotangulia herufi nyingine, kwa hiyo "kaba" huenda ikawa kamba, na kwamba *ba* ilifanya kazi ya *pa* pia. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alizitengeneza hati hizi zitoshe sauti za Kiswahili, lakini bibi zetu waliandika kwa mazoea ya zamani.

Mimi ninazo barua tatu za marehemu bibi. Nitazipiga picha niwapelekee juma lijalo, inshallah, na tafsiri sitaiweka.