Kicheko cha Mara ya Pili

Kilichofurahisha mara moja huombwa mara ya pili. Mtoto aliyesimuliwa hadithi nzuri jioni hii ataitaka tena kesho, na ole wake msimulizi atakayeongeza au kupunguza neno. Lakini kuirudia hadithi ileile ni jambo moja. Kutunga hadithi mpya na kuivika nguo za ile ya zamani ni jambo jingine. Tofauti hiyo niliiona katika sinema mbili za Marekani, ambazo wakubwa na wadogo wa nchi nyingi wamezitazama pamoja.

Ya kwanza ni Home Alone, iliyotolewa mwaka 1990, ikaandikwa na John Hughes na kuongozwa na Chris Columbus. Ni habari ya Kevin, mtoto wa miaka 8, aishiye karibu na mji wa Chicago. Kabla ya Krismasi anagombana na nduguze, anapelekwa kulala darini, na kwa hasira anatamani jamaa zake wote watoweke. Usiku umeme unakatika, saa haziwaamshi watu, na asubuhi wanakimbilia uwanja wa ndege waende Paris. Mtoto anasahauliwa. Kwanza anafurahi; kisha nyumba inakuwa kubwa mno kwake. Wezi wawili, Harry na Marv, wanapoinyemelea nyumba hiyo, anaamua kuilinda kwa akili yake na kwa vitu vilivyomo ndani: makopo ya rangi, misumari, kamba na vichezeo.

Tuliitazama nyumbani kwa kanda ya video. Nyanya yangu alikuwa amefiwa na mumewe miezi michache kabla ya siku hiyo, naye akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu. Kiingereza hakukijua. Hata hivyo, mtoto alipoanza kufunga milango na kutega mitego, nyanya alisogea mbele kitini. Na kopo la rangi liliposhuka ngazini likampiga mwizi usoni, alicheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Sisi wajukuu tuliiacha sinema tukamtazama yeye. Mwishoni, mzee jirani, aliyeogopwa na watoto na kutengana na mwanawe kwa miaka mingi, alipomkumbatia mwana huyo katika theluji, nyanya alinyamaza. Lakini kimya hicho hakikuwa kile cha siku zote.

Basi si ajabu kwamba tulipoipata kanda ya sinema ya pili tuliileta mbio, kama watu waliotumwa dawa. Hii ni Home Alone 2: Lost in New York, ya mwaka 1992. Mwandishi ni yuleyule, mwongozaji yuleyule, na mtoto ni Macaulay Culkin yuleyule. Matukio nayo ni yaleyale. Jamaa wanachelewa tena kuamka, wanakimbia tena kwenye uwanja wa ndege, na mtoto anapotea tena, safari hii kwa kupanda ndege ya New York wakati wenzake wanakwenda Florida. Wezi wametoroka gerezani, nao wako New York. Mahali pa mzee jirani amewekwa mwanamke mpweke anayelisha njiwa bustanini. Mzee aliwaangusha wezi kwa sepetu. Mwanamke anawashinda kwa njiwa.

Nyanya alitabasamu mara mbili, kisha uso ukatulia. Mitego ilipoanza, alituuliza, "Wajukuu wangu, safari hii mtoto analinda nyumba ya nani?"

Tulimjibu kwamba ni nyumba ya ami yake, inayotengenezwa, wala hamna mtu ndani.

"Na wezi wameletwa na nani?"

"Amewavuta yeye mwenyewe, nyanya."

Hakuuliza tena. Baadaye nilitambua kuwa maswali yake mawili yalikuwa yamekwisha kuipima sinema nzima. Katika ile ya kwanza mtoto ana hofu, ana upweke, ana mlango wa kulinda. Kila mtego ni ukuta kati yake na hatari, na kicheko chetu ni pumzi ya mtu aliyeokoka. Katika ya pili anakaa Plaza Hotel kwa kadi ya baba yake na kuletewa chakula chumbani. Kweli, wezi wanataka kuiba fedha za duka la vichezeo zilizokusudiwa hospitali ya watoto, na kuwazuia ni tendo jema. Lakini jambo hilo linapitiwa upesi, na mara tunamwona mtoto juu ya paa akimtupia mtu mmoja tofali baada ya tofali. Mtego uliokuwa ngao umekuwa fimbo. Wapigaji wameongeza kishindo. Sababu ya kishindo wameisahau.

Haki itendeke: mazungumzo ya mtoto na yule mwanamke wa njiwa yana upole wa kweli, na mama anayemtafuta mwanawe usiku katika mji mkubwa anagusa moyo. Wala sinema hiyo haikukosa soko. Ya kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 470 duniani, na ya pili zaidi ya milioni 350. Mchovya asali hachovyi mara moja. Mwaka 1997 ikatolewa ya tatu, yenye mtoto mwingine. Fedha huhesabu watu waliokuja kucheka, haziwezi kuhesabu waliocheka.

Jioni iliyofuata nyanya aliomba kanda ya kwanza. Alijua kila kitakachotokea, akacheka palepale alipocheka kwanza.

Anayetaka kutunga sehemu ya pili ya jambo lolote, liwe hadithi, mchezo wa jukwaani au hotuba, asijiulize tu watu walichekea nini. Ajiulize pia walikuwa wakiogopa nini, na wakimpenda nani, hata wakacheka. Kicheko ni tunda. Atakaye tunda la pili na aumwagilie maji mti.