Mitumbwi ya Ziwa Jipe

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya Nairobi hufika Voi baada ya maili 100 hivi. Hapo ndipo ichepukapo njia ya Taveta kuelekea magharibi. Njia hiyo hupita Mwatate penye mashamba makubwa ya mkonge, hupita Bura, ambako misheni ya Kikatoliki ilianzishwa mwaka 1892, kisha huingia nyika ya Maktau na Mbuyuni. Reli ya upande huo ilijengwa kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918, ili kupeleka askari na zana mpakani. Baada ya maili 70 hivi kutoka Voi, nyika yakoma na migomba yaanza: ndiyo Taveta.

Kusini ya mji huo liko Ziwa Jipe, mkabala wa milima ya Upare. Maji yake hasa huletwa na mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania wapita ndani yake. Si ziwa lenye kina kirefu. Mvuvi aweza kusukuma mtumbwi kwa upondo. Mna viboko na mamba, na mna perege ambaye wataalamu walimpa jina la ziwa lenyewe mwaka 1955.

Mtumbwi wa asili wa Jipe ni gogo moja lililochongwa. Mtu wa pwani akiuona aweza kudhani kuwa hauna taabu, kwa kuwa hauna mataruma wala mbao za kukalafatiwa. Lakini kila chombo kina adui wake. Jahazi la Mombasa huliwa kwa nje na wadudu wa baharini watoboao mbao, ndiyo maana hupakwa shahamu na chokaa chini. Wadudu hao hawaishi katika maji matamu. Adui wa mtumbwi wa ziwani ni kuoza, nako huanzia ndani. Maji ya mvua na tope hutuama humo, na maji matamu hayauhifadhi mti kama yafanyavyo maji ya chumvi. Mwenyewe huutazama kwa nje akauona mzima, kumbe sakafu imekuwa laini kama muhogo uliooza. Siku moja mguu wapenya, na viboko hawako mbali.

Dawa yake si kupigilia bati juu ya mahali palipooza, maana bati hufunika unyevu, na uozo huendelea chini yake. Kwanza mtumbwi hutolewa majini, ukakaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali huupasua. Kisha fundi huchokoa ndani kwa ncha ya kisu, akakata kwa tezo na patasi mpaka aufikie mti mgumu. Huchonga kiraka cha mti uliokwisha kukauka, nyuzi zake zikifuata nyuzi za mtumbwi, akakibana mahali pake. Ukingoni hushindilia pamba yenye mafuta, kama wafanyavyo mafundi wa majahazi. Na ikiwa zatandikwa mbao za kukanyagia, zisipigiliwe misumari, bali ziweze kuinuliwa ili maji yatekwe na upepo upite.

Kazi hiyo yataka siku kadhaa, na mvuvi asiyevua hana kitoweo wala fedha. Ndiyo sababu mtu huvutwa kuiahirisha. Lakini na akumbuke hili: Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, Taveta ilikuwa ndani ya msitu mkubwa wa miti mirefu. Sehemu kubwa ya msitu huo sasa ni mashamba. Zamani mtumbwi ukioza, gogo jingine lilikuwa karibu. Leo mti wa unene huo si rahisi kupatikana, na kuukata katika msitu wa Serikali bila ruhusa ni kosa.

Kwa hiyo siku chache za kukaa nchi kavu si hasara. Mwenye kuutazama mtumbwi wake ndani kila mvua zikoma aweza kumrithisha mwanawe. Asiyeutazama atamwachia upondo tu.