Mgeni na Jina la Mto

Safari ya watu wawili huwa na mazungumzo. Safari ya mtu mmoja huwa na maswali. Wawili wakiona jambo geni hulijadili wao kwa wao, na aghalabu huridhika na jibu walilolitunga pamoja. Aliye peke yake hana mwenzi wa kumridhisha. Hana budi kuchagua moja katika mambo mawili: kukaa na ujinga wake kimya, au kumwendea mwenyeji akamwuliza. Kwa hiyo siku chache za mtu abebaye shanta lake mwenyewe, mwenye fedha za kuhesabu, zaweza kuwa na faida kubwa. Zaweza vilevile kuwa na hatari, maana asikiaye peke yake hana wa kumsahihisha asikiapo vibaya.

Kijana mmoja aliingia Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria katika Australia, kwa namna hiyo. Alikuwa na siku tatu, kitanda kimoja katika chumba cha vitanda vinane kwenye bweni la wasafiri, na daftari ambalo halijaandikwa neno. Siku ya kwanza aliiacha miguu imwongoze. Melbourne haumpotezi mtu kwa urahisi. Mpima ardhi Robert Hoddle aliuchora mwaka 1837 kwa mistari iliyonyoka, ikakatana kama miyaa ya mkeka: njia kuu zenye upana wa futi 99, na baina yake njia ndogo za futi 33. Juu ya njia hizo hupita tramu, magari ya reli ya mjini, ambayo mtandao wake wa kilomita zipatazo 250 ni mkubwa kuliko wote duniani. Tangu mwaka 2015 kuzipanda katikati ya mji ni bure, hivyo fukara na tajiri hukaa kiti kimoja.

Walakini raha ya miguu si raha ya moyo. Jioni msafiri alisimama chini ya saa za stesheni ya Flinders Street, jengo lililokamilika mwaka 1910, mahali ambapo watu wa mji wana desturi ya kuahidiana kukutana. Kila aliyengoja alitokewa na mtu wake. Huyu alishikwa mkono, yule alikumbatiwa, na wote wakaondoka. Yeye hakuwa na wa kumtokea. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Lakini neno hilo ni la kijijini. Katika mji wenye watu zaidi ya milioni tano mgeni hana rangi, na hakuna ajuaye kuwa amekuja wala atakayejua kuwa ameondoka. Usiku ule alifungua daftari akitaka kuandika ya kwamba mji huu ni mzuri wa sura na baridi wa moyo. Kalamu ikasita. Tangu asubuhi hakuwa amemwuliza mtu hata swali moja, na hukumu itolewayo bila ya shahidi ni dhuluma hata ikiwa ni hukumu ya mji. Akalifunga daftari, akalala.

Siku ya pili alifuata ukingo wa mto Yarra, ambao maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Alimkuta mzee ameketi juu ya benchi, akamwamkia, akamwuliza maana ya jina la mto. Mzee alicheka kidogo kabla ya kujibu. Alisema ya kwamba jina lile ni kosa la sikio. Mwaka 1835 mpima ardhi John Helder Wedge aliwasikia wenyeji wakitamka maneno aliyoyasikia kuwa "yarra yarra", akadhani wanautaja mto; kumbe walikuwa wakisema jinsi maji yanavyokwenda. Ni kana kwamba mgeni aulize jina la mto, aambiwe "yanapita", naye auandike katika ramani kuwa ni mto Yanapita. Kwa Wawurundjeri, wenye nchi, mto ni Birrarung, yaani mto wa ukungu.

Kosa la sikio halikuwa la pekee mwaka ule. Mwezi wa Juni 1835 John Batman aliwapa wazee wanane blanketi, visu, mashoka, mikasi, vioo na unga, kisha akatoa karatasi ikidai kuwa wamemwachia ekari zipatazo 600,000. Kabla ya mwaka kwisha Gavana Richard Bourke aliubatilisha mkataba huo, si kwa kuwahurumia wenyeji, bali kwa hoja ya kwamba ardhi ni mali ya Ufalme wa Uingereza. Hivyo wenyeji walinyang'anywa mara mbili: kwanza kwa karatasi iliyosema wameuza, kisha kwa tangazo lililosema hawakuwa na cha kuuza. Mchana ule msafiri alifika Yarra Park, kando ya uwanja mkuu wa kriketi, akaona shina la mti wa kale lenye kovu refu mahali ambapo mikono ya wenyeji ilibandua gome. Maelfu hupita hapo kwenda kushangilia michezo. Mti haushangilii wala haulalamiki. Waonyesha kovu tu.

Siku ya tatu alikwenda Queen Victoria Market, soko lililofunguliwa mwaka 1878. Alinunua andazi la moto lenye jamu ndani, akalila huku amesimama. Mama muuza matunda alimwona akilitazama jengo, akamwambia, "Mwanangu, hapo uliposimama kuna watu chini yako." Wala hakuwa akitania. Sehemu ya soko pamoja na uwanja wa magari imekaa juu ya makaburi ya kwanza ya mji, na yakadiriwa kuwa maiti 9,000 hivi wangali humo. Batman naye alizikwa hapo mwaka 1839, na mwaka 1922 mifupa yake ikafukuliwa ikapelekwa makaburi ya Fawkner. Aliyedai ekari laki sita hakuachiwa hata futi sita za kulalia.

Mchana msafiri aliingia State Library, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1856, ambayo haimwulizi mtu nauli wala nasaba. Aliketi chini ya kuba kubwa la mwaka 1913, baina ya wanafunzi walioinamia kazi zao, akaagiza vitabu. Aliyoambiwa na mzee akayatafuta, na aliyoambiwa na mama akayatafuta, akayakuta yote. Alikuta na jambo moja ambalo hakuambiwa. Mwaka 2017 Bunge la Victoria lilitunga sheria ya kuulinda mto, likautambua kuwa kitu kimoja chenye uhai, na katika jina la sheria hiyo likaweka maneno ya lugha ya wenyeji, Birrarung likiwa mojawapo. Sikio lilikosea siku moja. Miaka 182 ilipita ndipo sheria ikalitamka jina lenyewe. Na hata sasa ramani bado zaandika Yarra.

Ndipo alipoandika. Hakuandika kuwa mji ni baridi wala kuwa ni wa moto. Aliandika jina la mto, na mbele yake akaandika aliyemwambia na kitabu kilichomthibitishia. Ukurasa mmoja haukujaa, na siku tatu zilikuwa zimekwisha. Wako wasafiri waandikao kitabu kizima kwa muda kama huo. Lakini hao hawadaiwi wenyewe makosa yao. Hudaiwa wenye nchi, ambao huitwa kwa majina wasiyojipa, na watoto wao wakalazimika kuyajibu.