Majina Yaliyokosa Jiwe



Mwaka jana tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu minara ya kumbukumbu. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha 4 akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "minara hii yote iko Mombasa, Dar es Salaam na Ujiji. Je, sisi wa Cyanzarwe hatuna historia?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Likizo ilipofika, nilifunga safari kwenda Kigoma, mji wa bandari ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Sikuuchagua mji huo kwa kubahatisha. Maji ya Ziwa Kivu, jirani yetu hapa Rubavu, huteremka kupitia Mto Rusizi na kumiminika katika Tanganyika. Nilitaka kujua maji yetu yamebeba nini huko yaendako.

Yamebeba meli. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1915 ilishushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimepamba moto, na Kigoma ilikuwa kituo cha meli za kivita za Wajerumani. Meli ikafungwa mizinga, ikawa manowari, neno ambalo Kiswahili kililipata kwa mabaharia wa Kiingereza. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, walipoona wamezidiwa, waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe.

Pale bandarini nilisimama nikilitafakari jina lile la kwanza. Von Götzen ndiye Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894, akakutana na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, na kufika katika Ziwa Kivu. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, ndiye aliyekuwa madarakani. Mtu aliyepita kwetu kwa muda mfupi jina lake liliandikwa kwenye chuma. Je, wapagazi waliombebea mizigo waliandikwa wapi?

Kesho yake nilikwenda Ujiji, mwendo mfupi kutoka Kigoma. Huko pana mnara wa kukumbusha jinsi Stanley alivyokutana na Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Niliyasoma maandishi yake mara mbili, nikitafuta jina la mpagazi hata mmoja. Sikuliona. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha; lakini minara mingi imesahau mabaharia.

Nikiwa ndani ya basi, njiani kurudi, nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa akitusimulia habari za Rumanura, njaa iliyoikumba Bugoyi yetu kati ya mwaka 1916 na 1918. Vita vilevile vilivyoizamisha meli ya Kigoma vilipita hapa Gisenyi. Wajerumani na Wabelgiji walipigana mpakani, majeshi yakala chakula cha wakulima, na wanaume wakachukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi. Bibi alisema kwamba mjomba wake alikuwa miongoni mwao, na kwamba hakurudi. Mimi, kijana wa siku zile, nilimsikiliza kwa sikio moja. Sikumwuliza mjomba yule aliitwa nani. Bibi alifariki nikiwa chuoni nikisomea ualimu, na jina lile akaenda nalo.

Basi, ewe uliyeuliza, jibu lako ni hili. Historia tunayo, tulichokosa ni jiwe. Jiwe huwekwa na mwenye mamlaka na fedha, naye huchagua la kukumbuka. Raia wa kawaida ana kinywa, sikio na kalamu. Kutunza urithi wa mahali petu si kazi ya serikali peke yake. Ni wajibu wa kila mmoja wetu, na wajibu huo hauna likizo.

Zoezi la wiki hii halimo kitabuni. Keti na mzee mmoja wa kijijini kwako. Mwulize kilima chenu kilipataje jina lake, nani aliondoka asirudi, na familia yenu iliponaje wakati wa njaa. Kisha andika aya tatu kwa Kiswahili sanifu, lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, ili hata msomaji wa Kigoma akuelewe.

Lakini kabla ya kuaga, usifanye kosa nililolifanya mimi. Uliza: "Aliitwa nani?" Kisha liandike jina hilo papo hapo.