Alimchapa Mwanaye kwa Kuvuta Sigara, Huku Yake Ikiwaka Mkononi

Kuna baba mmoja wa Lizaboni, Songea mjini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na tabia ambayo haikumshtua mtu yeyote pale mtaani. Akirudi jioni, bodaboda ikishaegeshwa, anakaa kwenye kigoda, anatoa sigara moja mfukoni, anamwita mwanaye: "Hebu kaniwashie jikoni." Dogo wa miaka tisa anaipeleka kwenye jiko la mkaa, anaigusisha kwenye kaa, anairudisha ikifuka. Ni watoto wangapi wamewasha sigara za baba na babu zao kwa staili hiyo hiyo?

Tatizo ni kwamba sigara haiwaki kwa kuguswa na kaa tu. Lazima mtu aivute kidogo. Jioni moja ya mwezi wa sita, mwezi ambao baridi ya Songea haina utani, baba akapitia uani bila dogo kujua. Akamkuta amechuchumaa pembeni ya jiko, macho kafumba, anapiga pafu la pili. Halafu la tatu. Moshi anautolea puani, kama mtu mzima kabisa.

Baba akampokonya ile sigara kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia akachomoa fimbo kwenye uzio. Alimchapa vilivyo. Alipomaliza, akiwa anahema kwa hasira, akaipeleka sigara mdomoni bila hata kufikiri.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akauliza swali moja tu: "Umemaliza kumchapa yeye. Wewe nani atakuchapa?"

Usiku ule jamaa hakupata usingizi. Alikumbuka kwao Namtumbo, kilometa kama 70 kutoka Songea, ambako na yeye, akiwa na umri huo huo, ndiye aliyekuwa akimuwashia babu yake msokoto wa gazeti. Familia nzima ilikuwa ya wakulima wa tumbaku ya moshi, ile inayotundikwa kwenye bani na kukaushwa kwa moto wa kuni. Kwao tumbaku haikuwa kitu kibaya. Ilikuwa ada ya shule, ilikuwa bati za nyumba. Alianza kwa kuwasha, akaendelea kwa kuonja, na alipofika darasa la saba alikuwa mvutaji kamili anayetafuna majani ya mpera ili mwalimu asisikie harufu.

Kesho yake aliapa kuacha. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, maana akishindwa watamcheka. Siku ya kwanza akapambana. Siku ya pili mikono ikaanza kumtetemeka, kichwa kinagonga, akagombana na abiria kwa chenji ya shilingi 500. Siku ya tatu akamfokea mkewe kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Mama wa watu, ambaye hakujua kinachoendelea, akamwambia jirani yake: "Huyu bora hata angekuwa anavuta, akivuta anakuwa na adabu." Jioni hiyo jamaa akanunua mbili, akavuta zote akiwa amesimama.

Jaribio la pili lilikuwa ushauri wa mshikaji mmoja wa kijiweni Mfaranyaki: ahamie kwenye ugoro, eti hauna moshi kwa hiyo hauna madhara. Akahamia. Wiki tatu baadaye alikuwa anatumia vyote viwili, ugoro asubuhi na fegi jioni. Alikuwa amejiongezea mzigo tu, maana ugoro nao ni tumbaku ile ile yenye nikotini ile ile, ndiyo inayomkamata mtu.

Kilichompeleka kituo cha afya ni kikohozi. Kilikuwa kimezidi wiki mbili, na mkewe akasema kikohozi cha muda huo lazima kipimwe kifua kikuu. Majibu yakatoka hana TB. Akainuka ashukuru aondoke. Muuguzi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akamwambia kwa upole: "Kaa kidogo kaka yangu. Ya kwanza unavuta saa ngapi ukishaamka?"

Jamaa akacheka. "Kabla sijavaa viatu."

Muuguzi hakucheka. Akamweleza kwamba mtu anayevuta mara tu akiamka, mwili wake umeshazoea nikotini sana, kwa hiyo asishangae kushindwa peke yake. Siku tatu za mwanzo huwa mbaya kuliko zote, halafu taratibu hali inapungua kadiri wiki zinavyokwenda. Hamu ikija huwa kali, lakini haikai, ni dakika chache tu inapita. Anywe maji, atembee, atafune kitu, amwongeleshe mtu. Akamwambia pia kwamba nchi nyingine watu wanasaidiwa na bigijii na plasta zenye nikotini, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Jamaa alikuja kuzunguka maduka matatu ya dawa pale mjini akiziulizia, na kote akaishia kuuziwa pipi za kifua.

Lakini swali lililomkaa ni lile la mwisho. "Mara zote ulizojaribu kuacha, nani alikuwa anajua?"

"Hakuna."

"Basi ulikuwa huachi kaka, ulikuwa unajificha. Nenda ukawaambie watu watatu. Mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, na yule anayekuuzia. Mkubaliane siku, na urudi hapa tuongee."

Alichagua tarehe 1 Septemba. Wa kazini akamwambia mzee mmoja wa kijiweni, dereva wa bodaboda mkongwe kuliko wote pale, ambaye yeye mwenyewe anavuta kama treni. Vijana waliposikia wakamshambulia kwa utani: kawa mlokole, mkewe kamtia kwenye chupa. Mzee hakutia neno. Ila kuanzia siku ile, kila akitaka kuwasha, anainuka, anavuka barabara, anaenda kuvutia upande wa pili huku malori ya makaa ya mawe yakipita mbele yake. Hakuwahi kusema kwa nini. Jamaa anasema siku aliyoelewa anakokwenda mzee, machozi yalimlengalenga chini ya helmeti.

Anayemuuzia alikuwa mama wa duka la mtaani. Huyo alikuwa mgumu mwanzoni: "Baba, mimi natafuta riziki hapa." Jamaa ikabidi amsimulie habari ya jiko na fimbo. Mama akanyamaza. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimkabidhi dogo zile sigara kila akitumwa. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini mtaani mtoto akisema "baba kanituma" anapewa. Akavuta daftari la madeni, wakapiga hesabu pamoja. Sigara kumi kwa siku, kila moja shilingi 200. Ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi. Mama akasema, "Kuanzia leo sikuuzii, na mtoto wako akija namrudisha." Na kweli, siku ya tano jamaa alikwenda akiwa na noti mkononi, akamsihi kabisa, mama akampa karanga na chenji yake.

Wa nyumbani ndiye aliyempa kazi. Kila mtu angedhani ni mkewe. Yeye akaona anayestahili kuambiwa ni yule aliyekula fimbo. Alimkalisha dogo kwenye kile kigoda, yeye akakaa chini, akamwambia: "Siku ile nilikuchapa kwa kosa nililokufundisha mimi. Nisamehe mwanangu. Nataka kuacha, na nataka uwe unaniuliza kila jioni."

Dogo alichukulia kazi ile kwa uzito wa polisi wa barabarani. Kila jioni: "Baba, leo ngapi?" Septemba ilianza na "leo mbili", kisha "leo moja", na kuanzia wiki ya pili ikawa "leo hakuna". Kikohozi kikaanza kulegea. Mlima wa kurudi Lizaboni akisukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta, akaupanda bila kusimama.

Mwezi Novemba wakapata msiba Namtumbo. Usiku, mvua za kwanza zinanyesha, wanaume wamezunguka moto, msokoto unapita mkono kwa mkono. Alipokataa, mzee wake akamwambia mbele ya watu: "Usiidharau tumbaku. Ndiyo iliyokusomesha." Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akapokea. Mpaka alfajiri alikuwa amevuta mitatu.

Njia nzima ya kurudi Songea alikuwa akipanga uongo. Msibani hakukuwa na mke, wala mama wa duka, wala mzee wa kijiweni. Nani angejua? Akafika, akaegesha. Dogo akatoka mbio. "Shikamoo baba. Leo ngapi?"

Akasimama kama dakika nzima. Halafu akasema, "Tatu."

Dogo hakulia wala hakulaumu. Akafikiri, akasema, "Kesho utasema hakuna." Basi, akarudi kucheza mpira.

Siku iliyofuata jamaa alimweleza mzee wa kijiweni, na mzee akamjibu kwa maneno ambayo kila mtu anayajua: kuteleza si kuanguka. Akarudi pia kwa yule muuguzi, ambaye alimwambia wengi wanaoacha huteleza kabla ya kufanikiwa, na wanaopotea kabisa ni wale wanaoficha. Wiki moja baadaye akampigia simu baba yake. Hakubishana naye. Alimshukuru kwa ada yote iliyotoka kwenye yale mabani, akamwambia kwamba yeye anataka mjukuu asomeshwe kwa kitu kingine. Mzee alikaa kimya, halafu akauliza kama mvua zimefika Songea.

Sasa umepita mwezi wa saba tangu ule msiba. Dogo ametimiza miaka kumi na siku hizi anasahau kuuliza. Ikifika jioni baba ndiye anayemwita, na dogo bila kuinua macho kwenye daftari anajibu, "Najua baba, hakuna." Mzee wa kijiweni bado anavuka barabara kwenda kuvuta, ingawa juzi alirudi haraka kuliko kawaida, akakaa, na kuuliza kwa sauti ya chini yule muuguzi anakuwepo siku gani.

Na wewe unayesema unaacha kesho, nani mwingine anajua?